Mashimo ya Uzio na Mkono wa Shemeji

Trekta lilikuja na keekee yake mwezi wa nane, wakati ardhi imekauka kiasi kwamba ng'ombe wakipita unasikia kwato zao kama wanatembea juu ya sakafu ya saruji. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Vita vilikuwa vimekwisha, sukari na sabuni navyo vilikuwa vimekwisha madukani, na mimi nilikuwa dereva katika kituo cha kupumzishia ng'ombe, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka stesheni ya Isaka. Ng'ombe walionunuliwa minadani waliletwa pale, wakanywa maji kwenye lambo, wakapumzika siku mbili tatu, halafu wakaswagwa kwenda kupakiwa kwenye mabehewa. Boma letu lilikuwa la miiba iliyokatwa na kulazwa chini. Mchwa walilila kila mwaka, na kila mwaka ng'ombe walitoka wakaingia kwenye mtama wa watu. Ndipo ikaamuliwa tujenge uzio wa seng'enge kuzunguka eneo zima. Nguzo za mti mgumu zikaletwa kwa lori kutoka misitu ya Ushirombo, zikalundikwa kando ya lambo, na likabaki suala la mashimo.

Chombo chenyewe tulikiita keekee kwa sababu kilifanana na keekee ya seremala, ila hii ilikuwa na urefu wa mtu mzima na ilibebwa nyuma ya trekta kwenye boriti ya chuma. Injini ilizungusha shafti, shafti ikazungusha keekee, keekee ikaingia ardhini na kutoa udongo. Shafti ile ilipaswa kuwa na kifuniko, lakini trekta lilipotufikia kifuniko kilikuwa kimeshapotea huko lilikotoka, na hakuna aliyeuliza.

Bwana mifugo, ambaye ndiye alikuwa mkuu wetu, alisema uzio uishe kabla ya mvua, maana udongo mweusi wa upande wa mbuga ukilowa hakuna trekta linalopita. Mimi nilitaka uishe mapema zaidi ya hapo. Alikuwa ameniahidi likizo ya mwezi mzima siku nguzo ya mwisho itakaposimama, nami nilikuwa na mipango na mwezi ule ambayo sikumwambia yeye wala mke wangu.

Sikuwa mtu wa kutulia. Kabla ya kazi ile nilikuwa nimepakia pamba kwenye kinu, nimekuwa utingo wa lori la Tabora, nimechunga stoo ya mbolea, na hakuna kazi niliyodumu nayo miaka miwili. Mke wangu alizoea kusema kwamba nikikaa kwenye kiti, kinachochoka ni kiti. Hakuwa anatania sana. Nilikuwa nikila nimesimama. Nikimaliza kula ninakwenda mpaka barabarani, ninaangalia huku na huku, ninarudi, kana kwamba kuna mtu niliyeagana naye. Halafu mwaka ule akapita pale mtu tuliyefanya naye kazi kwenye kinu cha pamba, akitokea Geita. Alikuwa amevaa viatu vipya, jambo ambalo siku zile lilimfanya kila mtu amtazame miguuni kwanza. Aliniambia kwamba huko dhahabu inachimbwa na watu wa kawaida, kwa sululu na karai, na kwamba mtu mwenye nguvu kama mimi anapoteza muda kuwachimbia ng'ombe. Tangu siku ile sikulala vizuri. Kila nguzo niliyoiona pale kwenye lundo niliiona kama kitu kilichosimama kati yangu na Geita.

Msaidizi wangu kwenye kazi ya mashimo alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, kijana wa miaka kama ishirini na mitano. Kazi nilimtafutia mimi mwenyewe. Baba yao alikuwa amefariki, na yeye ndiye aliyekuwa akimlimia mama yao huko Nyahanga, karibu na Kahama mjini. Msimu wa kilimo alikuwa akirudi nyumbani, kiangazi akija kwetu kufanya vibarua. Alikuwa mpole, mwenye kupima mambo. Alikwenda mbele ya trekta na kamba yenye mafundo, anaweka kijiti kila penye fundo, anarudi nyuma, anafumba jicho moja kuona kama mstari umenyooka. Ukiwa na haraka, mtu wa namna ile anakuumiza roho. Alivaa koti refu la marehemu baba yake, lililomfika chini ya magoti, kwa sababu ya baridi ya asubuhi na vumbi la mchana.

Upande wa kwanza, ule wa reli, ulikuwa mchanga. Keekee ilizama kama kijiko kwenye uji. Kwa siku sita tulikwenda vizuri hata mimi nikaanza kuimba. Siku ya saba tulikata kona tukaingia kwenye itogolo.

Wasukuma wana majina ya kila aina ya udongo, na itogolo ni ule wenye rangi ya majivu ambao mkulima huuacha kwa wanaotafuta pa kujenga. Juu ni vumbi la kidole kimoja. Chini yake ni kitu kigumu ambacho sikijui kwa jina jingine. Keekee iligusa pale ikaanza kuzunguka bila kushuka. Ilizunguka, ikazunguka, tukasikia harufu ya chuma kinachoungua, na tulipoinyanyua tukakuta imesugua ardhi mpaka ikang'aa kama sahani. Tukajaribu tena. Safari hii ikashuka nusu mkono, ikakwama, na pini ikakatika.

Pini ile lazima niieleze. Ilikuwa kipande cha chuma laini, kinene kama kidole cha mwisho, kilichounganisha shafti na keekee. Kazi yake ilikuwa kukatika. Keekee ikigonga jiwe au kukamatwa na ardhi, pini inakatika, keekee inasimama, shafti inaendelea kuzunguka peke yake, na hakuna kinachoharibika wala anayeumia. Unaweka nyingine, unaendelea. Tulipewa kopo moja la pini, na kwenye itogolo tulilimaliza kwa siku tatu. Bwana mifugo akaagiza nyingine Shinyanga. Jibu likaja kwamba hakuna, na haijulikani zitapatikana lini. Siku zile jibu hilo halikumshangaza mtu.

"Acheni keekee kwanza," bwana mifugo alisema. "Chimbeni kwa mtaimbo mpaka zije."

Shemeji akakubali haraka. "Kwetu tukichimba kwenye itogolo tunaanza na maji," aliniambia tulipobaki wawili. "Unafanya kijishimo kidogo, unamimina maji jioni, unakiacha. Asubuhi unachimba kilipolowa, unamimina tena. Shimo linatoka siku ya pili au ya tatu."

"Siku ya tatu, shimo moja?"

"Unaanza mengi pamoja, shemeji. Yanakuja yote."

Nilizunguka trekta mara mbili nikihesabu kichwani nguzo zile. Siku ya pili au ya tatu! Nilijiona bado niko pale na ndoo mkononi mvua zikianza, na Geita imekwisha kuchimbwa na wengine. Nyuma ya stoo kulikuwa na lori bovu lililooza tangu kabla sijafika. Nikaenda nikalala chini yake na spana, nikatoa bolti moja kwenye springi zake, chuma kigumu hasa, nikaipiga nyundo kwenye tundu la pini mpaka ikakaa.

Shemeji alikuwa amechuchumaa ananitazama. "Hii itakatika?" akauliza.

"Hii haikatiki."

"Sasa ikigonga jiwe kitakatika nini?"

"Litakatika jiwe," nikamjibu, nikapanda kwenye kiti.

Alicheka kidogo kwa adabu.

Bolti ile ilifanya kazi. Lazima niseme hivyo, kwa sababu ndiyo iliyonidanganya. Keekee haikusimama tena, ila bado haikuwa na uzito wa kutosha kuuma ardhi. Tukafunga gunia la mawe juu ya boriti. Likasaidia kidogo, likadondoka. Tukalifunga tena, likachanika. Ndipo nikamwambia shemeji akae yeye juu ya boriti, miguu upande huu na upande huu, kama mtu aliyepanda punda. Akaniangalia. Nikasema, "Dakika mbili tatu kila shimo, shemeji. Ikiuma tu unashuka." Akapanda. Keekee ikauma.

Siku ya kwanza tulitoa mashimo tisa, siku ya pili kumi na manne. Nilikuwa na furaha ya ajabu, ile furaha ya mtu anayekimbia mteremko. Hata kumsubiri ashuke nilikuwa sisubiri. Nilisogeza trekta akiwa juu yake mpaka kwenye kijiti kinachofuata. Mchana tulikuwa tukipumzika saa nzima kivulini. Nikakata mapumziko yakawa ya kunywa maji tu. Jioni ya siku ya pili alisema mgongo unamuuma kwa mtikisiko. Nikamwambia kesho tutamaliza upande huu, naye akaitikia, "Haya."

Kesho yake, kama saa nne asubuhi, jua likiwa bado halijawa kali na yeye bado amevaa koti, tulikuwa kwenye shimo la saba au la nane. Keekee ilikuwa inasugua juu juu kama kawaida. Halafu ikakuta ufa, au mzizi mkavu, sikupata kujua, ikashika. Badala ya kuchimba ikajisokota chini kama parafujo. Boriti ikashuka kwa kishindo, pua ya trekta ikainuka, nami nikaona mbingu mbele yangu. Nyuma nikasikia neno moja tu: "Shemeji!"

Nilikanyaga klachi na kuvuta kizimio cha injini kwa pamoja. Najua nilifanya haraka, watu wote waliokuja baadaye walisema nilifanya haraka. Lakini shafti inayozunguka haihitaji muda mrefu. Alipoteleza, pindo la koti lilidondokea kwenye shafti likajiviringisha, likavuta mkono wake wa kulia ukiwa ndani ya mkono wa koti. Nilimkuta amelala ubavu juu ya chuma, amebanwa, macho wazi. Hakuwa analia. Alisema, "Kata koti. Kata tu, usiogope kulichana." Nadhani alidhani nilikuwa nimesita kwa ajili ya koti la baba yake.

Nililikata kwa panga la kukatia miiba. Wachungaji wawili waliosikia trekta limezimika ghafla walikuja mbio wakanisaidia kumtoa. Mkono sitauelezea. Nikakimbilia kwenye kiti kuwasha trekta nimpeleke stesheni, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba trekta halitoki. Keekee ilikuwa imejisokota ardhini mpaka shingoni, na trekta limefungwa nayo kama mbuzi kwenye kigingi. Nilivuta, nikanyanyua, matairi yakachimba vumbi. Mchungaji mmoja akaniambia, "Baba, zima hiyo. Tumbebe."

Tuling'oa mlango wa zizi la ndama, tukamlaza juu yake, tukaubeba watu wanne, wa nne akiwa mpishi wa kituo. Nilitaka tukimbie. Nikaanza hata kukimbia, nao wakalazimika kunifuata, na mlango ukaruka, na shemeji akatoa sauti ambayo hakuitoa hata pale kwenye mashine.

"Polepole, shemeji," akasema. "Polepole."

Basi tukaenda polepole. Saa nzima na zaidi, chini ya jua lile, hatua ndogo ndogo, tukisimama kubadilisha mabega. Katika maisha yangu yote sijawahi kupata adhabu iliyonifaa kama ile. Kila hatua mwili wangu wote ulitaka kwenda mbele, na kila hatua niliuzuia.

Stesheni tulikuta lori lililoshusha marobota ya pamba likijiandaa kurudi Kahama. Dereva wake hakuuliza maswali. Tulimlaza shemeji juu ya magunia matupu, nikakaa nikamshika kichwa mpaka hospitali. Jioni daktari alitoka akaniambia mkono hautakatwa, lakini umevunjika sehemu tatu, kiwiko kimesagika, na asitegemee kuukunja tena.

Nyahanga iko pale pale, mtu anakwenda kwa miguu. Nilipaswa kwenda moja kwa moja kumwambia mama mkwe. Sikwenda. Nilimwambia muuguzi kwamba lazima nikatoe taarifa kazini, na asubuhi na mapema nikapanda lori jingine kurudi Isaka. Toka stesheni nilikimbia karibu njia yote. Nilikuwa nakimbilia bolti. Nililala kifudifudi nyuma ya trekta, nikaigonga mpaka ikatoka, nikaizika mbali, na kwenye tundu nikasukuma kipande cha pini laini iliyokatika zamani, kama vile ndiyo iliyokuwepo.

Bwana mifugo alirudi kutoka minadani saa tano, nami nikamwambia nilipata pini moja ya mwisho chini ya kopo. Alizunguka mashine, akainama, akaona pini iliyokatika. Akatikisa kichwa. "Mashine hizi," akasema. "Pole sana. Kumbe pini imekatika na bado imemuumiza." Akaandika kwenye daftari lake. Nilidhani nitajisikia vizuri. Badala yake nilishindwa kusimama mahali pamoja. Nilikwenda kwenye lambo, nikarudi, nikaenda kwenye lundo la nguzo, nikarudi, hadi mpishi akaniuliza kama nina homa.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshapata habari kwa wachungaji. Alikuwa amefunga nguo kwenye kanga, mtoto mgongoni.

"Mama ameambiwa na nani?" akaniuliza.

"Bado."

"Ulikuwa Kahama."

"Nilikuwa hospitali."

Tulisafiri pamoja, na alipofika uwanjani kwa mama yake alinitangulia ndani akaniacha nje.

Kwetu siku zile mkwe hakusimama uso kwa uso na mama mkwe wake. Mkikutana njiani mmoja anaacha njia. Kama kuna la kuzungumza, mnakaa mbali, mmoja amempa mwenzake mgongo. Kwa hiyo nilikaa kwenye kinu kilichopinduliwa uwanjani, nikitazama barabara, naye akatoka akakaa mlangoni nyuma yangu. Nikamwamkia kama mama, "Shikamoo, mayu." Akaitika, "Marahaba, baba." Nilisikia mke wangu akilia ndani.

Nikaanza kueleza ugumu wa itogolo, kukosekana kwa pini, koti refu. Nilieleza vizuri sana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja.

"Nani alimwambia akae juu ya mashine?"

Nilikuwa tayari kwa maswali yote ila hilo. "Mimi," nikasema. Na baada ya kusema neno lile sikuweza kuishia hapo. Nikasema na habari ya bolti, na jinsi alivyoniuliza kitakachokatika na nilivyomjibu, na kuwa nimeizika. Nilisema yote nikiangalia barabara, ambako kulikuwa na mwanamke anapita na mzigo wa kuni, naye akanitazama kwa kuwa machozi yalikuwa yananitoka.

Sauti ya mama mkwe haikuwa ya hasira, na ingekuwa heri kama ingekuwa ya hasira.

"Huko kazini wanajua?"

"Hapana, mayu."

"Nenda ukawaambie. Usije ukaniachia mimi peke yangu habari hii." Kisha akaongeza, "Mkono ule ndio uliokuwa unalima hapa. Mvua ikikaribia utakuja."

Nikasema nitakuja.

Nilimwambia bwana mifugo kesho yake. Alikuwa anakunywa chai isiyo na sukari, akaweka kikombe chini. "Ungenyamaza ningejuaje?" akauliza, na naona aliuliza kwa dhati, alitaka kujua. Nikamwambia asingejua. Akanyoosha kiganja, nikampa ufunguo wa trekta. Hakunifukuza. Alisema mashimo yaliyobaki nitayachimba kwa mtaimbo, mpaka la mwisho, na likizo nisiitaje tena mbele yake.

Tuliifukua keekee kwa siku mbili, tukaiweka stooni, na mimi nikaanza kuchota maji. Nilifanya kama shemeji alivyosema. Kijishimo, maji, kusubiri. Mtaimbo, kuzoa udongo kwa kopo, maji, kusubiri. Viganja vilipasuka vikapona vikapasuka. Watu wangependa niseme kwamba nilijifunza subira kwenye itogolo ile. Sikujifunza. Kila mara nilipomimina maji nilisimama juu ya shimo nikiyatazama yanavyonywewa, nikitaka kuyasukuma kwa macho. Nilikwenda shimo la kwanza kuangalia kama limelowa, nikarudi la mwisho, nikarudi la kwanza. Nadhani kilomita nilizotembea kati ya mashimo zilitosha kunifikisha Geita na kunirudisha. Lakini sikuondoka. Jumamosi jioni nilipanda lori kwenda hospitali, nikakaa kando ya kitanda cha shemeji, naye akageukia ukutani. Nikamwekea viazi nilivyoleta, nikaondoka. Jumamosi iliyofuata ikawa vile vile.

Mvua zilianza upande wa mbuga ukiwa bado na mashimo thelathini na kitu. Yale niliyachimba kwenye tope, udongo unang'ang'ania mtaimbo kama gundi. Nguzo ya mwisho tuliisimamisha tukiwa tumelowa, bila sherehe. Siku iliyofuata nilichukua jembe nikaenda Nyahanga.

Miaka saba nililima shamba la mama mkwe. Nilipanda mahindi, karanga na pamba kidogo, nikapalilia, nikavuna, kisha nikarudi kuhangaika na shamba langu lililochelewa. Shemeji alitoka hospitali na mkono uliokauka ukiwa umekunjwa nusu, kama mtu anayebeba kitabu kwapani. Jembe lilimshinda. Alijaribu kulima kwa mkono mmoja mbele yangu, bila kunisemesha, mpaka mama yake alipomnyang'anya mpini. Mwaka wa pili, yeye ambaye hakuwahi kutaka kwenda hata Tabora, akaondoka na watu wa Bukombe waliokuwa wakienda kwenye machimbo ya Geita. Alikwenda kwa sababu kijijini hapakuwa na kazi ya mtu wa mkono mmoja. Mimi nilibaki na jembe. Niliposikia ameondoka nilikaa chini katikati ya matuta. Nakiri kwamba nilimwonea wivu, na nikaona aibu kwa wivu ule.

Tulipokutana tena ilikuwa miaka ya themanini inaelekea mwisho. Mama mkwe alikuwa anaumwaumwa miguu, akanituma nikamtazame mwanawe, kwa kuwa barua zake zilikuwa fupi na yeye hakuziamini. Nilifika Geita baada ya siku mbili za njia mbovu. Vilima vilikuwa vimetobolewa kila mahali, watu wakitoka kwenye mashimo weupe kwa vumbi. Nikamuulizia, nikaelekezwa kwenye kibanda cha chai. Nilimkuta amenenepa, ana mke, anakanda unga wa maandazi kwa mkono wa kushoto huku ule wa kulia ukishikilia beseni lisiteleze.

"Karibu, shemeji," akasema, kana kwamba tuliachana juzi.

Nilikaa kwake siku tatu. Siku ya pili nikashindwa, nikaomba wachimbaji waniteremshe. Nilishuka kwa kamba na ngazi za miti, chini kuna joto na harufu ya mafuta ya taa, nikapiga sululu kwenye mwamba labda nusu saa. Nilipotoka moyo ulikuwa unanidunda kama wa kijana. Wakaniambia kuna nafasi ya mtu mmoja. Nikarudi kwenye kibanda, nikawa naingia na kutoka.

Shemeji alinitazama nikifanya vile kwa muda, halafu akafuta mkono.

"Kaa," akasema. "Ukitaka kubaki huku, baki. Sitasema neno."

Ndipo nikamwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kuomba radhi kwa miaka saba nikiwa shambani, na yote yakapotea. Nikasema tu kwamba nilijua bolti ile si ya pale, nilijua siku ile ile.

"Na mimi nilijua," akajibu. "Nilikuuliza, ukanijibu utani, nikapanda. Ningeweza kukataa."

"Kwa nini hukukataa?"

Akafikiri, akigeuza donge la unga. "Ulikuwa unazunguka zunguka trekta. Ukizunguka vile mtu hawezi kufikiri, anataka tu ukae. Nikaona nikipanda utakaa." Kisha akasema, bila kuniangalia, "Nilikuchukia sana, ujue. Pale hospitali nilikuwa nakuhesabia hatua ukija. Sasa hivi sikuchukii. Ila mkono unauma wakati wa baridi, na ukiuma nakukumbuka."

Hatukushikana wala kulia. Wateja wakaingia, akawapa chai. Nami nikabeba ndoo kwenda kumchotea maji, kwa sababu nilihitaji kutembea.

Niliondoka siku ya nne. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa ziwa, na shamba la Nyahanga lilikuwa bado halijafyekwa. Sitasema niliondoka kwa moyo mweupe. Nilipanda lori na nikageuka nyuma kutazama vile vilima mpaka vikapotea, na nafasi ile ya mtu mmoja najua ilichukuliwa kabla hatujafika barabara kuu.

Mama mkwe nilimkuta uwanjani anabangua karanga. Nikakaa mahali pangu.

"Umemwona?"

"Nimemwona, mayu. Amenenepa."

"Amenenepa kweli, au unanifurahisha?"

"Kweli. Ana mke. Wanauza chai na maandazi."

"Maandazi anapika nani?"

"Yeye."

Nikamsikia anacheka, kicheko kifupi cha puani. Kisha akataka kujua mke ni wa wapi, anaitwaje, nyumba ni ya mabati au ya nyasi, kanisa liko mbali, wanalala kwenye kitanda au chini, na mkono, je, mkono anaufunika wakati wa baridi? Miguu yangu ilikuwa inataka kuinuka. Jua lilikuwa linashuka, jembe liko palepale limeegemezwa ukutani, na barabara mbele yangu ilikuwa imejaa watu wanaotoka mnadani. Nikajibu swali la kwanza, nikajibu la pili, nikaendelea kujibu.